Sauti za Juu Ndizo Zilizotangulia

3 Machi

Shikamoo Baba,

Kifua kinaendeleaje? Mimi mzima, ila kazi imeingia mdudu. Juzi studio nilichanganya wimbo: ngoma, besi, gitaa, waimbaji, kila kimoja kwa kiwango chake. Nikausikia umefifia kama unapigwa ndani ya blanketi, nikaongeza sauti za juu. Mwimbaji akavua hedifoni: "Dada, unataka kututoboa masikio?" Wote wakacheka. Nikacheka nao, Baba, lakini sikujua tunacheka nini.

Mwanao, Chiriku

15 Machi

Marahaba mwanangu,

Kifua kinanikohoza, lakini kwaya bado naifundisha. Hilo la masikio silipendi. Mpiga tarumbeta wetu alianza hivyohivyo, sauti nyembamba zikamkimbia kwanza. Nenda kwa daktari, hata kunijibu usinijibu kwanza.

Baba yako

2 Mei

Shikamoo Baba,

Nisamehe kwa kimya. Daktari alinivalisha hedifoni, nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nikakaa nasubiri mlio wa kwanza. Kuinua macho, muuguzi ameinamisha uso. Kumbe milio yote ilikuwa imekwisha kupita. Mishipa ya kusikia inakufa, masikio yote mawili, na hata kifaa cha kuvaa hakitasaidia. Studio wameniambia "nipumzike". Ulinifundisha do re mi kabla sijajua a e i o u, Baba. Sasa najua soprano iko juu ya alto kama mtu anavyojua majina ya marehemu.

Mwanao

11 Mei

Mwanangu,

Nimelia, sikufichi. Rudi nyumbani. Mapigo hayahitaji sikio, besi huingia hata kwa nyayo. Weka kiganja juu ya spika, utaona.

Baba yako

20 Juni

Baba,

Niliweka. Inatetemeka kama jokofu. Huo si muziki. Sirudi nyumbani, na wewe usije, tafadhali.

Mwanao

6 Julai

Mwanangu,

Sikuulizi hali, naiona. Nimegonga mlango wako mpaka majirani wote wametoka. Nimekuita, nimeimba hata ule wimbo wa kukubembelezea, mzee mzima, watu wananitazama. Kupitia dirishani nakuona umelala, umeupa mlango mgongo. Kioo nacho nimekigonga.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi. Karatasi hii naisukuma chini ya mlango. Sijui utageuka saa ngapi. Ukigeuka, fungua.

Baba yako, niko hapa nje