Sumu Iliyoyeyusha Utando

Dada Tekla, shikamoo.

Najua hutaitikia. Ila siwezi kuanza kusema nawe kabla ya kukuamkia. Wewe ndiye uliyenifundisha.

Tulikuzika kwetu Matombo, ubavuni mwa mama. Yule nyoka, swila, aliyekuuma kwenye shamba la maharage, vijana walimuua wakamleta huku Morogoro nyuma ya machela yako, amefungwa kwenye jani la mgomba.

Ulipofika hospitali ulikuwa bado unasema. Ulinishika shati. "Damiani, wewe unafanya kazi na wenye dawa. Waambie." Niliwaambia, dada. Bwana daktari alipasua jeraha, akaliosha, akanitazama. Kope zikakulemea. Ulimi ukawa mzito. Kisha pumzi…

Baada ya maziko daktari aliniita kwenye darubini yake. Alichoma kidole chake, akaweka tone la damu, nikaona chembe nyingi za mviringo. Akasema kila chembe imezungukwa na utando mwembamba mno wenye mafuta. Si mgumu kama ganda la yai. Anadhani mafuta hayo hutembea, hupishana na kujipanga upya, ndiyo maana chembe hujikunja ikapita kwenye mshipa mwembamba bila kupasuka. Nikakuona utotoni, ukisukuma matone ya mafuta juu ya mchuzi kwa kidole mpaka yaungane, na mama akifoka, "Tekla, huo ni mchuzi wa watu!"

Ndipo akatia sumu aliyoikamua kwa swila wako. Alisema inayakata mafuta yale, yanakuwa kama sabuni, na sabuni hiyo inayeyusha utando uliobaki. Chembe zikafifia mbele ya jicho langu. Pakabaki maji mekundu matupu.

"Na dawa ya kuizuia ipo?" nikamwuliza.

"Sina. Na inafanya mengine mengi mwilini. Hili ndilo tunaloweza kuliona."

Basi nimeona. Imenifaa nini? Walioumwa wanaendelea kuletwa. Nawaosha, nawashika mkono, najua kinachotendeka ndani yao, na wanakufa.

Rosa wako yuko kwangu; mimi ndiye mjomba wake, angekwenda wapi? Juzi alimwita mke wangu "mama." Mke wangu akatoka nje kulia. Hatukumsahihisha.

Nakuahidi nitamtajia jina lako kila asubuhi. Jana nilipolitaja, alinitazama kwa adabu, kama mtoto anayetajiwa mgeni.

Lala, dada yangu.

Damiani