Mtandao Hukatika Chumba cha Cherehani Tu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali unijibu upesi kwa sababu Jumamosi kuna fundi anakuja nyumbani kwangu na akishafika mimi nimekwisha.

Ni mzee wa miaka sitini na mitatu, nimestaafu kazi ya simu za mezani, nimepanda nguzo na kuvuta nyaya miaka thelathini na moja mpaka wenzangu wakanibandika jina la Waya, na mke wangu ni fundi cherehani ambaye hajastaafu wala hana mpango huo, watoto wote wana kwao, tumebaki wawili na kompyuta mbili, yangu iko sebuleni na ndiyo iliyochomekwa kwenye kiboksi cha mtandao, yake iko chumba cha cherehani na inapata mtandao kwa kupitia kwangu, kwa waya nilioutandaza mwenyewe koridoni na kuubana ukutani vizuri hata fagio haliugusi. Ili mtandao ufike kwake kuna kisanduku kidogo kwenye mipangilio ya kompyuta yangu ambacho lazima kiwe na tiki, tiki ikiwepo anapata, ikiondoka hapati.

Mshauri, mimi ndiye ninayeiondoa hiyo tiki.

Usinihukumu kwanza. Tangu nistaafu siku zimekuwa ndefu, mwenzangu akimaliza chai ya asubuhi anaingia chumbani kwake, cherehani inanguruma, wateja wanamtumia mitindo na vipimo, nawasikia wanacheka naye kwenye kompyuta, na mimi niko sebuleni nasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo nayamaliza. Siku moja mtandao ukakatika kwa kweli, akaniita, "Baba watoto, hebu njoo unitazamie hii kompyuta," nikaenda, nikapiga magoti chini ya meza, nikamwambia zima, washa, taa ya kijani inawaka? akasema imewaka, aa, imezima tena, tukahangaika hivyo saa nzima, akanimiminia chai, akanieleza habari za mteja anayetaka gauni limfiche tumbo lakini limwonyeshe kiuno, tukacheka hadi akashika mbavu, na mimi sikuwa nimecheka na mke wangu hivyo tangu mtoto wa mwisho aondoke. Siku ya tatu yake nikaiondoa tiki kwa mkono wangu mwenyewe.

Ikawa mara mbili, mara tatu kwa wiki, miezi ikapita. Akiniita naguna, navua miwani, nahema, namwuliza "umebonyeza nini tena, mama?" ili asijue kwamba nimefurahi, kisha nazima kiboksi, nakiwasha, nasubiri kiamke, nakuja kwenye kompyuta yangu, halafu ndipo ya kwake, na kweli ndivyo inavyotakiwa kufanywa, ila haichukui saa nzima. Wiki iliyopita nilijikemea, nikakaa siku nne bila kugusa kitu, siku ya tano akaniita vilevile, nikaangalia tiki ipo, nikatafuta weee, kumbe waya umechomoka nyuma ya kompyuta yake, nikashangaa sana maana kichwa cha waya ule kina kiulimi ambacho lazima ukibinye kwa kidole ndipo kitoke, nikasema labda panya, nikachomeka, tukanywa chai.

Sasa Jumatatu nikarudia ujinga wangu, na asubuhi hiyohiyo bibi harusi mmoja alikuwa ametuma vipimo vipya, kiuno kimepungua, ujumbe haukufika kwa sababu yangu, mke wangu amekwisha kutandika kitambaa cheupe mezani, amekichora chaki, mkasi mkononi, ndipo nikarudisha tiki na ujumbe ukaingia. Aliusoma, akauweka mkasi chini, akaketi kitini. Halafu akaniambia kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza, "Baba watoto, nimekusumbua vya kutosha. Nimemwita fundi Jumamosi aniwekee laini yangu mwenyewe, na wewe upumzike."

Nikisema ukweli ataniona mhujumu wa kazi yake, nikinyamaza atakuwa na laini yake na hataniita tena, na nitabaki na matangazo ya vifo. Nifanyeje?

Ni mimi, Waya.

*

Waya, barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikuwa nimekasirika, ya pili nilikuwa nacheka peke yangu ofisini mpaka mhariri akachungulia.

Tuanze na hasira, uipate ikiwa bado moto. Mkasi ulikuwa mkononi, mzee! Gauni la harusi la mtoto wa watu! Chumba kile unakiita cha cherehani, mimi nakiita ofisi, na mwenye ofisi yuko kazini. Enzi zile ukiwa juu ya nguzo, mkeo angekuja kukutikisia ngazi ili umtazame kidogo, ungemshukuru? Basi umemtikisia ngazi miezi yote hii, na ni bahati tu kwamba hajaanguka. Uone aibu kwa siku moja kamili, halafu iache, kwa sababu kuna mambo ya maana zaidi.

Twende kwa yule panya wako. Umefanya kazi ya nyaya miaka thelathini na moja, na unaniandikia bila kucheka kwamba panya aliingia nyuma ya kompyuta, akakibinya kiulimi kwa kidole, akauchomoa waya bila kuutafuna hata kidogo, akaenda zake. Nani anashinda chumba kile? Ulikaa siku nne hukuonekana mlangoni kwake, na siku ya tano waya ukachomoka, tena upande wake. Mzee wangu, hesabu hiyo nikufanyie mimi?

Utauliza, kama alikuwa anataka nije, mbona amemwita fundi? Kwa sababu umeguna vizuri mno! Umehema, umevua miwani, umemwuliza amebonyeza nini tena, naye akaamini kwamba anakuchosha. Uliigiza kuudhika mpaka mwenzako akakuonea huruma. Hilo ndilo kosa lako kubwa, kuliko hata tiki.

Sasa nisikilize. Leo, si Jumamosi, hakikisha tiki ipo na usiiguse tena. Nenda chumbani kwake mtandao ukiwa mzima na taa zote zinawaka, usipige magoti chini ya meza, vuta kiti ukae. Kama ameshika mkasi, subiri auweke chini. Kisha mwambie: "Mtandao nilikuwa naukata mimi. Nilikuwa nimekukumbuka." Usiongeze maelezo ya kiboksi wala mipangilio.

Fundi aje Jumamosi kama alivyoitwa, na amwekee laini yake. Kazi ya mtu haiwezi kutegemea kama wewe umewasha kompyuta yako au umelala. Mpokee kwa heshima, na ukiona anautandaza waya vibaya koridoni, una ruhusa yangu kumsahihisha.

Jumatatu kiti chako kitoke sebuleni kihamie chumbani kwake. Omba kazi: vifungo vya kushona, nyuzi za kufumua, nguo za kupiga pasi. Mikono iliyounga nyaya nyembamba juu ya nguzo kwenye upepo haitashindwa na kifungo. Akikuuliza umekuja kutengeneza nini, mwambie hujaja kutengeneza kitu.

Na ukishamaliza kuungama hiyo habari ya tiki, nyamaza. Mimina chai, yake kwanza, umwache anywe taratibu. Nadhani na yeye ana neno la kukuambia kuhusu ule waya.