Mshono wa Ndani

Dada Aalasi mpenzi,

Majani ya chai uliyotuma kutoka Ottawa yamefika, asante. Mama hajambo, ila anauliza kama huko mjini unapata nyama ya sili, kama hao tunaowinda huku baharini kwenye barafu.

Uliuliza hali ya mume wangu. Ipeelie amerudi kutoka hospitali, amekatwa miguu yote miwili. Watu wote wanasema barafu ilipasuka akazama. Si kweli, dada. Alikanyaga maji ya kifundoni tu, yakapenya kwenye mabuti niliyomshonea, miguu ikaganda. Ulinifundisha kushona ngozi ya sili mara mbili, nje na ndani. Siku niliyoshona yale mabuti, mchezo wa bingo redioni ulikuwa unaanza, nikauruka mshono wa ndani.

Jana wifi yangu Peepeelee alikuja na ngozi.

"Wifi, mshonee na mume wangu mabuti. Hapa kijijini nani ana mkono kama wako?"

Ipeelie akajibu kutoka kitandani, "Acha ngozi hapo, atashona."

Peepeelee alipoondoka nikaanza, "Ipeelie, yale mabuti..."

"Niliona mshono nilipoyavua," akanikatiza. "Nimeshawaambia ni barafu. Basi."

Akageukia ukutani. Laiti angenitukana!

Ngozi nimeikata, lakini kila nikishika sindano naiweka chini tena. Peepeelee amepita tena leo, anacheka, anauliza nimefika wapi. Nimemwambia kesho. Sijui kesho nitamwambia nini.

Mdogo wako,
Malaiya