Majibu Niliyoyatunga

Alhamisi, jioni

Sikupimwa damu. Naliandika kwanza hili, kwa kuwa kutwa nzima nimeshindwa kulitamka.

Nilitoka Masii mapema, nikapanga foleni kwenye maabara ya hospitali, Machakos. Wiki iliyopita walinidunga mara nne kabla ya kuupata mshipa. Leo, aliyekuwa mbele yangu alipoitwa, niliinuka nikaondoka. Mimi, niliyewaadhibu wanafunzi watoro miaka yote ile.

Mama Mwende, mke wangu, aliponiuliza majibu, nilimwambia kwamba daktari ameridhika na dawa ibaki vilevile. Dawa yenyewe ni ya kuzuia damu isigande. Ikizidi, naweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Ndiyo maana hupimwa kila wiki.

Alasiri jumuiya ya kanisa ilisali kwetu. Mke wangu akasimama kumshukuru Mungu kwa majibu yangu. Sikulitarajia hilo. Watu wakapiga makofi, na jirani yetu Kioko akacheka: "Mwalimu sasa ako na damu ya kijana. Mama Mwende, ukae chonjo."

Nikatabasamu. Nikaitikia "Amina" pamoja nao. Amina hiyo ndiyo...

Walipoondoka, mke wangu alileta kitambaa na maji ya moto anikande, kama afanyavyo kila nitokapo maabara. Akakunja shati mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Alama zote zilikuwa za zamani.

Aliukanda mkono usiouma mpaka maji yakapoa, ndipo akasema, "Kesho tunaenda wote, Baba Mwende. Nitakushika."