Pomade ya mudomo mu maharagi ya wakwe

Léo! Acha vyombo, soma. Mama ametoka kunipasulia siri jikoni. Bibi Nyirakamana, mama ya papa, ameketi salon, anangoja chakula, hajui kitu.

Ni wakati wa Zaïre, Mama angali binti kwao Keshero. Kiangazi kimemupasua midomo. Akachemsha siagi ya ngombe, nta ya nyuki na majani ya dawa ya umuravumba, akamimina pomade mu kanyungu ka mama yake.

Kanyungu ka siagi ya WAGENI, Léo!

Kesho yake wazazi ya papa wakashuka toka Masisi kumuposa. Mama ya Mama akachota yote, akatia mu maharagi. Mama kuona kanyungu katupu, akajua: ndoa imekufa!

Bibi akatafuna. Midomo inangaa kama viatu vya askari wa kambi ya Katindo.

"Siagi hii imelala vizuri. Hapa wanajua ngombe. Binti huyu ni wetu."

POMADE, Léo!

Tangu hapo, kila Bibi akikuja, Mama anachemsha ingine. Leo imemuishia. Akaninyooshea mukono: "Leta ile yako ya mudomo."

Nimeleta. Bibi anaomba sahani ya pili.