Ugomvi Wangu Umebaki Darsait

Azaiba, Maskati
14 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Zuwena,

Assalaam aleikum. U hali gani, na goti lako vipi? Nimesikia umeanza kupanda ngazi bila fimbo, usijitie ujana. Huko Mwembetanga wote wazima? Sisi huku hatujambo, joto limeanza kutuachia na sukari yangu imeshuka, Alhamdulillah. Najua utanuna kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza neno, mwenzangu, na hili nnataka ulisome mpaka mwisho.

Huu mwezi wa nane tangu Harub anihamishe kutoka Darsait aniweke kwake huku Azaiba. Nyumba ya mwanangu nzuri, mashallah: vyumba sita, ukuta mrefu, lango linajifungua lenyewe. Gari linaingia, lango linajifunga, basi. Asubuhi yeye na mkewe Alaa wanakwenda kazini, watoto skuli, na miye nabaki na kiyoyozi. Juzi msoma habari wa televisheni katoa salamu, nikamwitikia kwa sauti. Upweke, Zuwena, usikie kwa mwenzio tu.

Fleti yangu ya Darsait tulikuwa bado tunaikodi. Mkataba unakwisha mwezi huu, na Harub alitaka ufunguo tuurudishe. Nikawa nnauficha kwenye pochi. Leo nasema sijui nimeuweka wapi, kesho nasema kichwa kinaniuma. Moyoni nilikuwa nataka kurudi kwangu.

Wiki mbili nyuma akaja binti mmoja, Nawar, anasomea uchoraji wa majumba na mitaa chuo kikuu. Siku hizi nyumba haipimwi kwa futi tu. Wanapima kama mtaa unawaweka watu pamoja au kila mtu kivyake. Ana fomu, kila swali lina alama zake. Kuna kelele? Hapana. Unajihisi salama? Ndiyo. Tangu uje hapa umegombana na jirani yeyote? Hata mmoja. Kila jibu alama kamili, na binti anatabasamu. Kisha akasema, taja majirani unaowajua kwa majina. Hapo nikakwama. Harub kakaa pale pale, na nyumba hii kaijenga kwa jasho lake; nikaona haya kumwaibisha. Nikamtaja Sayyida, nikamtaja na Msellem mwenye duka.

Lo! Wote wawili wa Darsait, na Harub, macho kwenye simu yake, hakutanabahi.

Fomu yangu ikapata tisini na moja katika mia. Harub akaishika kama cheti cha mtoto. "Unaona, Mama? Hapa umetulia." Uwongo wangu mwenyewe ushanifunga. Nikautoa ufunguo.

Sayyida unamkumbuka, yule wa ghorofa ya juu yangu niliyekuwa nikikuhadithia. Miaka kumi na tisa kanga zake zinatona maji kwenye roshani yangu, miaka kumi na tisa nampigia kelele naye ananijibu kutoka juu. Na hatukuwahi kuachana bila kuulizana umepika nini.

Jana, tulipokwenda kurudisha ufunguo, nikaingia kutazama mara ya mwisho. Fleti tupu, sauti yangu inanirudia mwenyewe. Kwenye roshani nikasikia to, to, to. Nikasahau kama nimehama, nikapayuka, "Sayyida! Huna mikono ya kukamulia?"

Akachungulia kutoka juu. Akanijibu: "Ulikuwa wapi weye? Miezi minane nnatundika nguo hazijakamuliwa, hajanigombeza mtu!"

Basi tukagombana, yeye juu miye chini, wote tunalia. Harub kasimama na ufunguo mkononi. Tulipokuwa tunaondoka Sayyida akanitupia kanga moja, mbichi vile vile.

Nilipofika nyumbani nikampigia Nawar. Nikamwambia afute, majina yale ya Darsait, hapa simjui mtu, na kama sigombani ni kwa kuwa hakuna wa kugombana naye. Akasema alama zitaanguka sana. Nikamwambia ziache zianguke.

Kumbe Harub yuko mlangoni, kasikia yote. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Aliyeniuliza ni Nawar."

Akakaa kitandani pangu, kainamisha kichwa. Lakini mwenye fleti keshaikodisha kwa mpangaji mwengine, pa kurudi hakuna. Simlaumu Harub. Alitaka nipumzike, na nimepumzika mpaka nimechoka.

Nisalimie shemeji yangu Mahfoudh, na mwanao Hamood umwambie picha ya mtoto wake nimeipata, kachukua pua ya marehemu baba yetu. Mungu akupe afya, akuzungushie watu, hata wale wanaokuudhi, asikuondolee hata mmoja.

Nnakomea hapa. Kanga ya Sayyida nimeitundika nje ya dirisha langu, na barua hii nimeiandika huku naisikia inatona. Alaa anadhani nimeanza kuchanganyikiwa, maana tangu asubuhi nimeilowesha mara tatu. Sasa imenyamaza tena. Ngoja nikailoweshe.

Dada yako akupendaye,
Hamdiya