Turubai la Ubavuni mwa Gari

Mjukuu wangu Zawadi,

Sisi wa Heru Juu tu wazima. Babu yako anakohoa, lakini jembe hataki kuliacha, mbishi yule.

Umeuliza ununue turubai la ukubwa gani la kufunga ubavuni mwa gari lako la kuuzia nguo huko Kibondo. Nilipokuwa msichana, baba aliuza vitenge gulioni Makere, na turubai la gari lake lilitosha vitenge tu. Siku moja mvua ilishuka ghafla. Baba akalivuta turubai, akawafunika akina mama waliokuwa wakiuza maharage jirani. Vitenge vikalowa chapachapa. Mama yangu akafoka. Baba akamjibu, “Kitenge kitakauka. Maharage yakilowa, yanaota.”

Nunua pana, ulifunge likiinamia nje, maji yateremke. Ila usilisifu kabla ya mvua. Ikinyesha, tazama nani bado analowa.

Bibi yako,
Mwajuma